Shajara ya mradi: diski iliyoonekana tupu, na nyingine mbili

Siku ya 1

Nimekabidhiwa seva tatu ambazo hifadhi yake imepangwa kwa LVM, mfumo wa Linux unaounganisha diski kuwa kundi moja na kuligawa kuwa volyumu, yaani diski za kimantiki. Kazi ni kuhakikisha kila volyumu inajulikana iko juu ya diski ipi, ina hali gani, na itarudishwa vipi ikipotea. Seva ya kwanza inatunza mafaili ya watumiaji, ya pili inaendesha mashine pepe, ya tatu ina hifadhidata.

Nilitaka kuanza taratibu kwa kuandika orodha, lakini seva ya mafaili imenitangulia. Ilizimwa usiku kwa matengenezo ya umeme, na ilipowashwa asubuhi iliishia kwenye hali ya dharura kwa sababu volyumu moja iliyotajwa ndani ya /etc/fstab, orodha ya volyumu za kupachikwa seva inapowaka, haikuonekana. Nimeiwekea mstari huo alama ya maoni ili seva iwake, kisha nikaendesha amri za kusoma tu:

lsblk
pvs -o +pv_uuid
vgs -o +vg_seqno
lvs -a -o +devices

Kundi linaitwa data na lina diski nne, kuanzia sdb hadi sde. pvs inaziona tatu, na mahali pa ya nne imeandika kuwa kifaa hakijulikani. Kundi lina volyumu mbili. Ya kwanza, picha, imelala yote juu ya sde, nayo imeamka bila shida kwa vgchange -ay, hivyo watumiaji wake wamerudi kazini kabla ya saa sita mchana. Ya pili, nyaraka, imetandazwa juu ya sdb, sdc na sdd. Kwenye safu ya sifa, herufi ya tisa ni p, yaani volyumu ina kiungo kinachokosekana. LVM imekataa kuiamsha, na imefanya vizuri.

Mwenzangu wa zamu alikuwa ameshaandaa amri ya vgreduce --removemissing --force. Nimemwomba aifute kwenye terminali hata kama hakuwa na nia ya kubonyeza Enter. Amri hiyo kweli huondoa malalamiko, ila huyaondoa kwa kufuta kwenye ramani kila volyumu yenye kipande juu ya diski inayokosekana. Nyaraka ingekwenda nzima, pamoja na theluthi mbili zake zilizo salama kabisa kwenye sdb na sdc.

Matokeo ya amri zote nimeyahifadhi kwenye faili nje ya seva, pamoja na kabrasha lote la /etc/lvm. Kwa leo inatosha.

Siku ya 2

Diski yenyewe ni nzima. smartctl, amri ya kusoma afya ya diski, haionyeshi sekta mbovu hata moja. Ila fdisk -l /dev/sdd imenionyesha kitu ambacho hakikupaswa kuwepo: jedwali la vizigeu (sehemu ambazo diski hugawanywa) la aina ya GPT, lenye kizigeu kimoja kinachoanzia sekta ya 2048.

Nimeuliza, na habari imekamilika. Wiki kadhaa zilizopita mtu alitafuta diski ya ziada. sdd ilikuwa imeingizwa kwenye LVM nzima nzima, bila kizigeu, kwa hiyo programu aliyoitumia ilimwambia ni tupu. Akaandika jedwali, akatengeneza kizigeu, kisha akaitwa kwenye shughuli nyingine kabla ya kuweka mfumo wa faili juu yake. Kuitwa huko ndiko kumetuokoa.

Kwa nini seva iliendelea kufanya kazi wiki zote hizo? Kwa sababu volyumu ikishaamshwa, keneli huishika ramani yake kwenye kumbukumbu kupitia device-mapper, sehemu yake inayoshughulikia volyumu, wala hairudi tena kusoma lebo ya diski, alama inayoitambulisha kwa LVM. Unaweza kuifuta lebo yote na watumiaji wasihisi lolote, mpaka siku seva itakapowashwa upya. Hili nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye daftari langu. Hitilafu inayoonekana asubuhi baada ya umeme kurudi huenda haihusiani na umeme hata kidogo.

Nimetumia sehemu kubwa ya siku kwenye hesabu, maana nilitaka kujua kwa uhakika GPT imekanyaga wapi.

LVM huandika lebo yake kwenye sekta ya 1, yaani sekta ya pili ya diski. GPT nayo huandika kichwa chake kwenye sekta hiyohiyo ya 1, kwa hiyo lebo imekwenda. Maingizo ya vizigeu yanafuata kuanzia sekta ya 2 hadi ya 33, ambayo ni mwisho wa baiti ya 17,408. Eneo la metadata la LVM, yaani ramani ya volyumu, linaanza baiti ya 4,096, kwa hiyo nalo limekanyagwa mwanzoni. Lakini data yenyewe inaanza MiB 1 kutoka mwanzo wa diski, baiti ya 1,048,576, na GPT haikufika huko.

Ikabaki mkiani. GPT huweka nakala yake kwenye sekta 33 za mwisho, na hapo ndipo niliposhikwa na wasiwasi, kwa sababu kipande cha mwisho cha volyumu kinaweza kufika karibu na ukingo. Diski ina sekta 3,907,029,168. Ukitoa sekta 2,048 za mwanzo na kugawa zilizobaki kwa 8,192, ambazo ni sekta za kipande kimoja cha MiB 4, unapata vipande 476,932 na salio la sekta 176. Nakala ya GPT inahitaji 33. Imeandikwa ndani ya salio ambalo LVM haikuwahi kulitumia.

Nimeirudia hesabu hiyo mara tatu kwa kalamu. Hakuna baiti hata moja ya mafaili ya watu iliyoguswa. Kilichopotea ni ramani peke yake, na nakala za ramani hiyo ziko kwenye diski nyingine tatu za kundi na ndani ya /etc/lvm pia.

Siku ya 3

Leo hakuna ukarabati, ni kunakili tu. sdd nzima imenakiliwa kwenye diski ya akiba ya ukubwa uleule. Kwa kasi ya takriban MB 150 kwa sekunde, TB 2 zimechukua karibu saa nne. Kuna atakayesema siku nzima imepotea, kwa kuwa diski ni nzima na hesabu inajulikana. Mimi naona ndiyo siku ya lazima kuliko zote, kwa sababu hatua ya kesho inaandika juu ya diski hiyohiyo, na hesabu yangu inaweza kuwa na kosa nisiloliona.

Nakala nimeichomoa kabisa kwenye seva. Nikishairudisha lebo kwenye sdd, sitaki siku moja mtu achomeke nakala hii yenye UUID (namba ya utambulisho) ileile, LVM ikabaki na diski mbili zinazodai jina moja.

Siku ya 4

Swali la kwanza la leo lilikuwa ni ramani ipi ya kurudisha. Ndani ya /etc/lvm/archive kuna mafaili mengi, na kila moja linaonyesha hali ya kundi kabla ya amri fulani kutekelezwa. Ndani ya /etc/lvm/backup kuna moja tu kwa kila kundi, linaloonyesha hali baada ya amri ya mwisho. Tofauti hii ndogo imewaponza wengi: mtu huchukua faili la mwisho la archive akidhani ndilo jipya kuliko yote, akarudisha ramani ya kabla ya volyumu kupanuliwa, na sehemu iliyoongezwa ikatoweka.

Njia ya kuhakikisha ni namba ya mfuatano, seqno, ambayo huongezeka kila ramani inapobadilishwa. Diski tatu zilizo hai zinasema 41. Faili la backup linasema 41. Faili la mwisho la archive linasema 40. Kwa hiyo ni la backup.

Nalishukuru sana wazo la kuandika ramani hii kama maandishi ya kawaida. LVM ya kwanza, aliyoianzisha Heinz Mauelshagen mwaka 1998, iliweka metadata kwa mfumo wa jozi usiosomeka kwa macho. LVM2 ilibadilisha hilo. Leo nimefungua faili kwa less, nikasoma jina la kila volyumu, kipande inachoanzia na UUID ya diski, nikailinganisha mstari kwa mstari na karatasi yangu ya siku ya 1.

Kisha hatua zenyewe. Kwanza kuondoa alama za GPT, huku wipefs ikihifadhi baiti inazozifuta:

wipefs --backup -a /dev/sdd

Halafu lebo, kwa UUID ya zamani niliyoitoa kwenye ramani. Nilianza na --test, nikasoma jibu, ndipo nikarudia bila --test:

pvcreate --uuid (UUID ya sdd) --restorefile /etc/lvm/backup/data /dev/sdd
vgcfgrestore -f /etc/lvm/backup/data data
vgchange -ay data

Herufi p imeondoka. Mfumo wa faili ni ext4, na seva ilizimwa kwa utaratibu, kwa hiyo e2fsck -fn, ukaguzi wa mfumo wa faili bila kuandika chochote, ilikuwa na maana: imepita hatua zote tano bila kosa. Nikaipachika nyaraka kwa kusoma tu, nikafungua mafaili ishirini ya umri tofauti, mengine nikayalinganisha na nakala rudufu za mwezi uliopita. Yote yamelingana.

Nilipompigia msimamizi wa watumiaji kumwambia kazi zao zipo, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Zote?" Zote.

Siku ya 6

Seva ya mashine pepe. Hii haijaanguka, ila iko ukingoni, na hakuna aliyejua.

Hapa kuna bwawa la volyumu nyembamba. Volyumu zimeahidiwa jumla ya TiB 6, bwawa lenyewe lina TiB 2, na nafasi huchukuliwa pale tu data inapoandikwa. Ndani ya kila mashine pepe df inaonyesha nafasi tele. lvs kwenye seva inasema bwawa limejaa asilimia 97 upande wa data na 94 upande wa metadata, yaani ramani ya vipande vyake. Aliye ndani ya mashine pepe hana njia ya kuona namba hizo.

Data ikifika 100, kwa mpangilio wa kawaida maombi mapya ya kuandika husubirishwa sekunde 60, kisha huanza kurudishwa kama makosa, na mifumo ya faili ya mashine zote hujeruhiwa kwa pamoja. Metadata ikijaa ni mbaya zaidi: bwawa hujifunga liwe la kusoma tu na kudai ukaguzi. Ndiyo maana nimeanza na metadata ingawa namba yake ni ndogo. Kundi halikuwa na kipande hata kimoja cha ziada, kwa hiyo nimeongeza diski kwa vgextend, kisha:

lvextend --poolmetadatasize +1G vg0/bwawa

Asilimia 94 imeshuka hadi 11. Usiku huu nitalala.

Siku ya 7

Upande wa data. Mwenzangu alipendekeza tuanze na fstrim ndani ya mashine pepe, ili nafasi ya mafaili yaliyofutwa irudi bwawani. Wazo ni zuri, lakini mpangilio una umuhimu. Kulikuwa na snapshoti (nakala za hali ya volyumu kwa wakati fulani) sita za zamani, na kipande ambacho snapshoti bado inakishika hakirudi bwawani hata volyumu mama ikikiachia. Tukathibitisha na wenye mashine kwamba hakuna anayezihitaji, tukazifuta, na 97 ikawa 88. Snapshoti nyembamba ikifutwa hurudisha tu vipande ambavyo hakuna mwingine anayevitumia, kwa hiyo asilimia tisa hazikunivunja moyo.

fstrim ya kwanza haikubadilisha chochote. Mashine pepe ziliundwa bila kuruhusu discard (ombi la kuachia nafasi) kwenye diski zao, hivyo ombi liliishia njiani. Tumebadilisha mpangilio, tukazizima na kuziwasha moja baada ya nyingine, tukarudia. Imefika 69. Nilitegemea chini zaidi, ila kipande cha bwawa hili ni MiB 1, na nafasi hurudi pale tu kipande kizima kinapokuwa wazi. Mafaili madogo yaliyotawanyika hushikilia vipande vingi.

Siku ya 8

Jambo dogo lililopaswa kuwepo tangu mwanzo. Ndani ya lvm.conf, thin_pool_autoextend_threshold ilikuwa 100, ambayo ndiyo thamani ya asili, na maana yake ni kwamba bwawa halipanuki lenyewe kamwe. Nimeiweka 70, na ongezeko la asilimia 20 kila mara. Nimehakikisha kwa lvs -o +seg_monitor kwamba dmeventd, programu ya ufuatiliaji ya LVM, inalifuatilia, kwa sababu bila yeye namba hizo ni maandishi tu. Na kundi linabaki na nafasi ya akiba ambayo ni marufuku kuigawa kwa volyumu nyingine.

Siku ya 12

Seva ya hifadhidata. smartctl inaonyesha kwamba sdc ina sekta zinazosubiri kubadilishwa. Diski inakufa.

Pia nimekuta snapshoti ya aina ya kale iliyosahaulika, imejaa asilimia 100, kwa hiyo ni batili na haina cha kuokoa. Nimeiondoa kwa lvremove.

Kwa diski inayokufa wengi wangeendesha pvmove papo hapo, kuhamishia data diski nyingine. Mimi nimekataa. pvmove ni chombo kizuri kwa diski nzima. Ikikutana na sekta isiyosomeka husimama, na unabaki na volyumu iliyogawanyika kati ya diski mbovu na mpya. Tumekubaliana na wenye hifadhidata kuisimamisha usiku, nikazima volyumu zote za kundi, nikaanza ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenda diski mpya kwa kutumia faili lake la ramani linalorekodi ilikofika, ili niweze kukatiza na kuendelea.

Siku ya 13

ddrescue imemaliza. Zimekosekana KiB 12 kati ya TB 2, mahali pamoja, kuanzia sekta 1,735,922,688 ya diski. Inaweza kuwa nafasi tupu, inaweza kuwa moyo wa hifadhidata. Sikukubali kuiwasha kabla ya kujua.

Nimetoa 2,048 za mwanzo, nikagawa kwa 8,192: kipande namba 211,904, na ndani yake sekta ya 3,072. pvs --segments inasema volyumu inayoitwa hesabu imeanza kwenye kipande cha 190,000 cha diski hii, moja kwa moja bila kukatika, kwa hiyo ni kipande chake cha 21,904. Nikageuza kuwa sekta za volyumu, 179,440,640, nikagawa kwa 8 kwa kuwa mfumo wa faili unatumia bloku za KiB 4: bloku 22,430,080 na mbili zinazofuata. Kisha debugfs kwa kusoma tu: icheck ikanipa namba ya inode (kitambulisho cha faili), ncheck ikanipa njia ya faili.

Ni faili la kumbukumbu za mfumo la miezi mingi iliyopita, lililoshafungwa na kubanwa, na liko kwenye nakala rudufu. Niliposoma jina lake nilisimama, nikatembea kidogo chumbani, nikarudi kulisoma tena.

Siku ya 14

Diski mpya iko ndani, ya zamani imetolewa, na pvs haioni kitu. blkid inaiona vizuri na kuitambua kuwa ya LVM. Nusu saa imekwenda hapo. Mfumo huu una faili la /etc/lvm/devices/system.devices, na LVM husoma diski zilizoandikwa humo tu, kwa utambulisho wa kifaa chenyewe. Lebo ni ileile iliyonakiliwa, ila kifaa ni kingine.

lvmdevices --adddev /dev/sdc

Kundi limeonekana, e2fsck imepita, faili moja limerudishwa kutoka nakala rudufu, na hifadhidata imefanya ukaguzi wake wa ndani bila kosa.

Siku ya 17

Seva zote tatu zimewashwa upya leo kwa makusudi, mchana, watu wakiwepo. Baada ya niliyoyaona siku ya 2, volyumu iliyo hai kwenye kumbukumbu hainitoshi. Nataka kuiona ikiamka kutoka kwenye diski. Zote zimeamka.

Kuhusu diski mpya, uamuzi wangu ni huu: hakuna diski itakayoingizwa kwenye LVM bila jedwali la vizigeu. Najua si lazima, na LVM haijali. Lakini anayekuja baada yangu akiuliza kama diski ni tupu, nataka kila programu imjibu hapana. Diski nne za seva ya mafaili bado ziko kwa mtindo wa zamani. Tutazihamisha moja moja kwa pvmove, kwa kuwa hizo ni nzima, tukianzia sdb wiki ijayo.

Nakala ya /etc/lvm ya kila seva sasa inatumwa kila usiku kwenye seva nyingine. Mafaili yote hayafiki hata MiB 1.

Nakala ya sdd bado iko kabatini. Nimeibandika karatasi: isichomekwe kwenye seva ya mafaili, UUID zinafanana. Itafutwa nyaraka ikishahamishwa.